Kupima obiti na masi za sayari za nyota nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sayari yenyewe haionekani. Sasa kinachopimwa ni nini?

Karibu kila mara ni nyota. Sayari haizunguki nyota iliyotulia tuli; zote mbili huzunguka kitovu kimoja cha masi. Mtu mzima anayemshika mtoto mikono na kumzungusha hulazimika kuegemea nyuma, na miguu yake huchora duara dogo chini. Hata usipomwona mtoto, nyayo hizo zinakuambia ana uzito gani na anazunguka kwa muda gani, mradi unajua uzito wa mtu mzima. Sharti hilo la mwisho litarudi mara nyingi katika majibu yafuatayo.

Mshtarii hulifanya Jua liyumbe kwa mita 12.5 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua miaka 11.86. Dunia huliyumbisha kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Tofauti hiyo ndiyo sababu sayari kubwa zilizo karibu na nyota zao zilipatikana kwanza, na pacha wa Dunia bado ni mtihani mgumu.

Kasi ya mita chache kwa sekunde inasomwaje kwenye nyota iliyo mbali namna hiyo?

Kwa athari ya Doppler. Nyota ikija kwetu, mistari ya giza kwenye spektra yake (mwanga wake ukitawanywa kuwa rangi) husogea upande wa buluu. Ikienda mbali, husogea upande wa nyekundu. Kwa mwanga wa nanomita 500, kasi ya mita 1 kwa sekunde husogeza mstari kwa nanomita 0.0000017 hivi. Kwenye kihisio cha spektrografu (chombo cha kutawanya mwanga kuwa spektra) kama HARPS, iliyofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, mwaka 2003, huko ni kusogea kwa takriban sehemu moja ya elfu ya pikseli. Hakuna mstari mmoja unaoweza kupimwa kwa usahihi huo. Kinachosaidia ni kwamba nyota inayofanana na Jua ina maelfu ya mistari, na yote husogea kwa pamoja. Ukiilinganisha yote kwa mpigo na kiolezo kimoja, kosa la wastani hushuka sana.

Hata hivyo chombo chenyewe husogea pia. Shinikizo la hewa likibadilika kwa milibari 1 tu, spektra inaweza kuhama kwa makumi ya mita kwa sekunde. Ndiyo maana spektrografu za aina hii hufungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, na joto lake hudhibitiwa hadi sehemu za mia za digrii. Kisha kila usiku husomwa pia chanzo cha mwanga ambacho mistari yake inajulikana vizuri, kwa mfano taa ya thoriamu na agoni. Njia nyingine ni kupitisha mwanga wa nyota ndani ya chupa ya mvuke wa ayodini, ili mistari ya ayodini ichapwe juu ya ile ya nyota na kuwa rula isiyotenganishwa nayo. Rula hiyo hula sehemu ya mwanga na hufanya kazi kwenye kipande kimoja tu cha spektra, lakini haihitaji tangi la gharama.

Mwendo wa Dunia hauharibu kipimo?

Unakiharibu kabisa usipouondoa. Dunia hulizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, na mzunguko wake wa kila siku huongeza hadi kilomita 0.46 kwa sekunde kwa aliye ikweta. Mwendo huo unajulikana vizuri sana, kwa hiyo hesabu ya kuuondoa si ngumu. Linalowaponza watu ni saa. Wakati wa katikati ya picha ukikosewa kwa dakika 1, masahihisho yanaweza kukosewa kwa hadi mita 2 kwa sekunde, kiasi cha kutosha kuizika sayari ndogo. Na "katikati" si nusu ya muda ambao kifuniko kilikuwa wazi. Wingu likipita katika nusu ya pili ya picha, sehemu kubwa ya mwanga iliingia mapema, na wakati sahihi ni ule uliopimwa kwa wingi wa mwanga. Spektrografu nzuri huwa na kihesabu mwanga kidogo kwa ajili ya kazi hiyo pekee.

Grafu ya kasi inageukaje kuwa obiti?

Kwa kila sayari hutafutwa namba tano: kipindi P, ukubwa wa myumbo K, kiwango cha uduaradufu e, upande ambao duaradufu imeelekea, na tarehe ambayo sayari ilipita karibu zaidi na nyota yake. Juu ya hizo huongezwa kasi ya mfumo mzima (moja kwa kila chombo, kwa sababu vyombo viwili havikubaliani juu ya sifuri) na namba moja ya msukosuko ambao haukuelezwa na kosa la kipimo.

Obiti ya duara hutoa wimbi laini. Kadiri e inavyopanda, ndivyo wimbi linavyokuwa na ncha kali upande mmoja na mteremko mrefu upande mwingine. HD 80606 b, yenye kipindi cha siku 111 na e ya 0.93, ni mfano wa mwisho kabisa: kwa muda mrefu nyota hubadili kasi polepole, kisha kwa siku chache hupinduka ghafla. Ukikosa siku hizo chache, utapata obiti isiyo ya kweli.

Jihadhari na e ndogo. Kwa kuwa e haiwezi kuwa chini ya sifuri, kelele zozote huisukuma juu, na obiti za duara huonekana za duaradufu kidogo. Thamani kama 0.08 ± 0.05 isomwe kuwa duara mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena, sayari mbili zenye obiti za duara, moja ikienda mizunguko miwili huku nyingine ikienda mmoja, zinaweza kujionyesha kama sayari moja yenye uduaradufu. Data chache haziwezi kutenganisha hali hizo mbili.

Masi yenyewe inakokotolewaje?

Kanuni ya kazi ni hii:

K = 28.4 × (m sin i) × P^(−1/3) × M^(−2/3) ÷ √(1 − e²)

K iko katika mita kwa sekunde, m katika masi za Mshtarii, P katika miaka, na M ni masi ya nyota kwa kipimo cha Jua. Pembe i ni mwinamo wa obiti: digrii 90 maana yake tunaiona ubavuni, 0 maana yake tunaiona kutoka juu.

Chukua 51 Pegasi b, iliyotangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz kwa vipimo vya kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, kazi iliyowapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2019. P ni siku 4.23, yaani mwaka 0.01158. K ni 56. Nyota ina masi ya Jua 1.1 hivi. Gawa 56 kwa 28.4 upate 1.97; zidisha kwa kipeo cha theluthi cha P, 0.226, zidisha kwa 1.1 iliyopandishwa kwa theluthi mbili, 1.066. Jibu ni 0.47: karibu nusu ya Mshtarii, au masi 150 za Dunia. Umbali hutoka kwenye kanuni ya tatu ya Kepler, a³ = M × P², nao ni 0.053 ya umbali wa Dunia na Jua, takriban kilomita milioni 8. Utaridi, sayari ya kwanza kutoka kwenye Jua letu, iko mara saba mbali zaidi ya hapo. Mshtuko wa mwaka 1995 ulitokana zaidi na namba hii ya umbali kuliko ile ya masi.

Kwa nini orodha nyingi huandika "masi ya chini kabisa"?

Kwa sababu Doppler husoma tu mwendo wa kuja na kwenda, si ule wa kando. Obiti iliyolala usoni mwetu huficha sehemu kubwa ya myumbo. Tunachopata ni m kuzidishwa kwa sin i, na m halisi haiwezi kuwa ndogo kuliko hapo.

Kama obiti zimeelekea pande zote bila upendeleo, nusu ya mifumo ina mwinamo unaozidi digrii 60, na huko masi halisi haizidi ile ya chini kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Uwezekano wa kuwa masi halisi ni zaidi ya mara mbili ni asilimia 13. Kwa kundi la sayari hilo si tatizo kubwa. Kwa sayari moja unayoijali, linaweza kuwa kila kitu. Kitu kilichopatikana mwaka 1989 kwenye nyota HD 114762 kilikuwa na masi ya chini ya Mshtarii 11, na kwa miaka mingi kilitajwa kuwa huenda ni sayari. Vipimo vya Gaia, chombo cha anga kilichopima nafasi za nyota, vikaja kuonyesha kwamba obiti yake tunaiona karibu kutoka juu, na masi halisi ni ya nyota ndogo, zaidi ya Mshtarii 100.

Kwa hiyo ukikutana na masi ya sayari ambayo haijatajwa kuwa ya chini wala kuambatana na mwinamo, uliza mwinamo ulipatikana wapi.

Sayari ikipita mbele ya nyota, tunapata nini zaidi?

Mengi sana. Kwanza i inajulikana, na huwa karibu na digrii 90, kwa hiyo sin i ni karibu 1 na masi ya chini inakuwa masi. Pili, kina cha kufifia ni mraba wa uwiano wa nusu kipenyo cha sayari kwa cha nyota: Mshtarii mbele ya Jua hupunguza mwanga kwa asilimia 1, Dunia kwa sehemu 84 katika milioni. Ukiwa na masi na nusu kipenyo unapata msongamano, na hapo ndipo unaanza kujua kama ni mwamba, maji mengi au gesi. HD 209458 b, ya kwanza kuonekana ikipita mbele ya nyota yake, mwaka 1999, ina masi 0.69 na nusu kipenyo karibu 1.4 kwa kipimo cha Mshtarii. Msongamano wake ni karibu theluthi moja ya ule wa maji.

Faida ya tatu haitajwi inavyostahili: muda wa mpito (yaani kupita huko mbele ya nyota) ukilinganishwa na kipindi hutoa msongamano wa nyota, na ukiunganisha mpito na Doppler unapata nguvu ya mvutano kwenye uso wa sayari bila kuhitaji masi ya nyota kabisa. Ni moja ya namba chache safi katika fani hii.

Ubaya ni bahati. Uwezekano wa mpito ni takriban nusu kipenyo cha nyota kugawa kwa umbali wa sayari: asilimia 10 kwa sayari ya siku nne, lakini asilimia 0.5 tu kwa Dunia na Jua.

Vipimo vingapi vya kasi vinatosha?

Kosa la K ni takriban σ × √(2/N), ambapo σ ni kosa la kipimo kimoja pamoja na msukosuko wa nyota, na N ni idadi ya vipimo. Ukitaka masi kwa usahihi wa asilimia 10, N = 200 × (σ/K)². Myumbo wa mita 3 kwa sekunde na σ ya mita 1: vipimo 22 au 23. Myumbo wa mita 1 na σ ileile: 200. Hesabu hii hudhani kipindi kinajulikana na vipimo vimetawanyika vizuri kwenye mzunguko wote. Kama kipindi bado kinatafutwa, ongeza kwa moyo mkunjufu. Vipimo kumi vya usiku mmoja vina thamani ndogo kuliko kimoja kimoja cha usiku kumi.

Kipindi kinaweza kukosewa kabisa?

Ndiyo, na imetokea kwa watafiti wazuri. Nyota hupimwa usiku tu, takriban saa ileile, kwa hiyo mzunguko wa siku moja hujichanganya na mzunguko wa kweli na kuzaa vipindi bandia. 55 Cancri e iliorodheshwa kwa siku 2.8. Mwaka 2010 uchambuzi mpya ulionyesha kipindi cha kweli ni siku 0.74, na mwaka uliofuata mpito ukaonekana kwenye kipindi hicho. Jaribu mwenyewe: 1 ÷ 0.7365 ni 1.358, toa 1.0027, idadi ya mizunguko ya Dunia kwa siku kwa kulinganisha na nyota. Unabaki na 0.355, ambayo ni siku 2.82. Kwa kila kipindi unachopata, fanya hesabu hii kwa siku, kwa mwezi wa siku 29.5 na kwa mwaka, kisha linganisha vipindi vyote vinavyotokea. Dawa ya kudumu ni kupima saa tofauti za usiku, na ikiwezekana kutoka longitudo mbili.

Alpha Centauri Bb ni kisa kigumu zaidi. Mwaka 2012 ilitangazwa kwa kipindi cha siku 3.24 na myumbo wa mita 0.51 kwa sekunde. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba mpangilio wa tarehe za vipimo, pamoja na namna shughuli za nyota zilivyoondolewa, ulitosha kuzaa ishara hiyohiyo hata bila sayari.

Nyota yenyewe inaweza kutudanganya?

Leo hiki ndicho kikwazo kikuu, kuliko vyombo. Uso wa nyota kama Jua hupanda na kushuka kila dakika tano hivi. Picha ya dakika 10 hadi 15 huusawazisha. Mchemko wa gesi huchukua saa hadi siku, na hutulizwa kwa kupima mara mbili au tatu kwa usiku. Madoa ndiyo mabaya. Doa hufunika upande unaokuja, kisha upande unaokwenda, na kutoa wimbi lenye kipindi cha mzunguko wa nyota, siku 25 hivi kwa Jua, pamoja na nusu na theluthi yake. Kisha kuna mizunguko ya sumaku ya miaka mingi, inayoweza kuiga sayari iliyo mbali.

Sayari ya kweli husogeza mistari yote bila kuigeuza umbo. Doa hulipotosha umbo la mstari. Kwa hiyo hupimwa ulinganifu wa mistari, na pia mistari ya kalsiamu H na K, inayong'aa nyota ikiwa na shughuli nyingi. Kama ishara yako ya kasi ina kipindi kilekile kwenye kalsiamu, usitangaze sayari. Gliese 581 d ilipoteza nafasi yake mwaka 2014 baada ya ishara yake kuhusishwa na shughuli za nyota. Siku hizi shughuli za nyota huigwa kwa michakato ya Gauss (modeli ya takwimu ya wimbi lisilo na umbo maalumu) pamoja na obiti. Ni zana yenye nguvu, lakini ikiachiwa uhuru kupita kiasi humeza na sayari yenyewe; hakikisha kipindi chake kimefungwa na mzunguko wa nyota uliopimwa kwa njia nyingine.

Masi inaweza kupatikana bila spektra?

Inaweza, sayari zikivutana zenyewe kwa zenyewe. Mpito haufiki tena kwa saa sawasawa; huwahi au huchelewa. Katika TRAPPIST-1, nyota kibete nyekundu yenye sayari saba za vipindi vya siku 1.5 hadi 18.8, tofauti hizo huanzia makumi ya sekunde hadi zaidi ya nusu saa, na masi zimepatikana kwa usahihi wa asilimia chache, jambo ambalo Doppler haiwezi kwa nyota hafifu vile. Tatizo la njia hii ni kwamba masi kubwa na uduaradufu mdogo vinaweza kutoa wimbi sawa na masi ndogo na uduaradufu mkubwa. Kinachovitenganisha ni miaka ya vipimo na miruko midogo ya saa za mpito kila sayari mbili zinapokutana.

Vipi kuhusu kupima nyota ikisogea angani?

Huu ndio upimaji unaotoa mwinamo bila mpito. Jua likitazamwa kutoka parseki 10 (miaka ya nuru 33 hivi), Mshtarii hulisogeza kwa milisekunde 0.5 za tao. Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kusimamisha vipimo Januari 2025, ilijengwa kwa usahihi wa daraja hilo na bora zaidi. Pia nafasi zake hulinganishwa na zile za Hipparcos, chombo kilichoitangulia, za karibu mwaka 1991: mwendo wa nyota ukiwa umepinda kati ya tarehe hizo, kuna kitu kinaivuta.

Onyo la kihistoria: mwaka 1963 Peter van de Kamp alitangaza sayari ya nyota ya Barnard kwa kutumia sahani za picha za darubini moja. Baadaye iligundulika nyota nyingine kwenye sahani za darubini hiyohiyo ziliruka wakati uleule lenzi iliporekebishwa. Nyota ya Barnard kweli ina sayari, iliyotangazwa mwaka 2024 kwa spektrografu ya ESPRESSO, lakini ni ndogo mno na kipindi chake ni siku 3.15, haihusiani na ile.

Na sayari zilizopigwa picha moja kwa moja?

Obiti yake huonekana ikisogea, ila kwa nyota HR 8799 na sayari zake nne mzunguko huchukua miongo hadi karne, kwa hiyo tunaona kipande cha tao tu. Masi hukadiriwa kwa mng'ao na umri: sayari changa ina joto, na hupoa kwa mpangilio unaokokotolewa. Umri ukikosewa, masi inakosewa.

Kwa nini orodha mbili hutoa masi tofauti kwa sayari moja?

Mara nyingi ni masi ya nyota. Masi ya sayari hufuata M iliyopandishwa kwa theluthi mbili. Kosa la asilimia 5 kwenye nyota ni asilimia 3.3 kwenye sayari. Kabla ya kubishana juu ya sayari, linganisha M iliyotumika.

Darubini ndogo inaweza kuchangia?

Inaweza, na mchango wake wa kupima upya saa za mpito unahitajika. Kosa la kipindi la siku 0.0001 ni sekunde 8.64, baada ya mizunguko 300 mpito unaweza kuwa umehama kwa dakika 43, na muda wa darubini kubwa hupotea bure. Kipenyo cha sentimita 20 chenye kamera ya CCD au CMOS kinatosha kwa HD 189733 b, ambayo hufifisha nyota yake kwa asilimia 2.4 kila siku 2.22.

Anza saa moja kabla ya mpito na umalize saa moja baada yake, maana bila mstari ulionyooka pande zote mbili kina hakipimiki. Toa fokasi kidogo ili mwanga usambae kwenye pikseli nyingi, na kilele kibaki nusu hadi theluthi mbili ya ukomo wa kihisio. Shikilia nyota kwenye pikseli zilezile usiku kucha. Chagua nyota za kulinganishia zenye rangi ya kufanana. Ya buluu na ya nyekundu hufifia tofauti zikishuka kuelekea upeo, na mteremko huo hukosewa kuwa mpito. Saa ya kompyuta ilandane na seva ya muda, kosa lisizidi sekunde 1. Mwisho, geuza wakati kuwa wa kitovu cha mfumo wa Jua: masahihisho hufika dakika 8 na zaidi kidogo, na juu yake kuna sekunde 69 kati ya UTC (muda wa saa za kawaida) na TDB (muda wa kitovu hicho) ambazo watu husahau mara kwa mara.

Nikitaka kujaribu na data halisi, nianzie wapi?

Pakua kasi za 51 Pegasi kutoka hifadhi ya data ya sayari ya NASA. Chora periodogramu ya Lomb na Scargle (grafu inayoonyesha nguvu ya kila kipindi kwenye data). Kilele cha siku 4.23 kitasimama wazi. Linganisha na obiti ya duara kwanza, kisha ruhusu e, kwa programu ya RadVel inayotumia Python. Chora mabaki (kasi zinazobaki baada ya kutoa obiti) na uyapitishe tena kwenye periodogramu. Kisha futa nusu ya vipimo bila kuchagua na urudie yote. K ikibadilika kwa zaidi ya kosa ulilopewa na programu, kosa hilo ni dogo mno, na pa kutazama kwanza ni ile namba ya msukosuko.